Mwaka wa Eda ya Mwalimu Halima

Nimo ndani ya eda, na mjane aliye ndani ya eda ana kazi mbili: kumwombea aliyetangulia, na kusikiliza watu wanaonong'ona nyuma ya pazia. Ya kwanza naifanya kwa moyo wangu wote. Mume wangu alikuwa mtu mwema, mpenda mzaha, na kitanda hiki kimekuwa kipana mno tangu kilipobaki changu peke yangu. Ya pili naifanya kwa kuwa sina budi, maana nyumba zetu hizi za Makorora zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea rehema ukiwa kwako. Basi nimekaa chumbani na kanga zangu zilizopauka, sina wanja, sina udi, namsikia binti yangu Saada akipokea wageni ukumbini na kuwasihi wasinichoshe. Simu yangu kaichukua. Anasema inaniharibia usingizi. Tangu aichukue sijaisikia sauti ya Mwanaidi, shoga yangu wa Pongwe, ambaye sukari na kidonda cha mguu vimemlaza hospitali, na ambaye hakuacha alasiri ipite bila kunipigia, walau anisengenyee wauguzi. Nikimuuliza Saada, jibu halibadiliki: "Hajambo, Mama. Amelala." Mtu gani huyu analala asubuhi, mchana na jioni? Kwenda kumtazama siwezi, maana kumzuru shoga si dharura ya kumtoa mwenye eda nje, na watu wote wa nyumba hii wanajua kuwa siwezi. Ndiyo maana nimeomba daftari na kalamu, niandike habari za mwaka mmoja wa usichana wetu, mwaka tuliokuwa kidato cha nne, tulipokwenda kusoma Kiingereza kwa mwalimu aliyekuwa ndani ya eda kama nilivyo mimi leo.

Mwalimu Halima alikuwa Msambaa wa Mlalo, mtoto wa Kilutheri, aliyesilimu akaolewa na kijana wa Tanga mjini. Mumewe alikuwa akifanya kazi mpakani, Horohoro, akirudi nyumbani mwisho wa juma na vikapu vya vitu vya Mombasa. Katikati ya mwaka ule alirudi na homa, na homa haikumwachia. Sisi wanafunzi wa kike tulikwenda matangani kusaidia kuosha vyombo, na pale uani, mikono imezama kwenye majivu na maji, ndipo nilipoyasikia maneno ya watu wazima. "Huyu wa milimani ataiweza eda?" alisema mmoja. "Utaona, hata arobaini haitafika, atapanda basi huyoo, kwao." Mwingine akajibu kuwa dini ya kuolewa nayo ni kama nguo ya kuazima, haikosi kubana mahali. Walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kinachofunikwa na upande wa kanga. Mwalimu alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Aliyasikia yote. Baadaye tulijua kwamba mumewe, alipokuwa akizidiwa, alimwomba jambo moja tu: amkalie eda kama wanavyokaliwa watu wa ukoo wake, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile ile, ili watu wasipate la kusema. Naye alimpa ahadi.

Shuleni hapakuwa na mwalimu wa kumshikia nafasi. Vipindi vya Kiingereza vikawa vipindi vya kupiga soga, na mtihani wa taifa ulikuwa unakuja mbio. Ndipo Mwalimu akamwomba wifi yake, Bi Mwanakombo, aliyehamia pale kumsimamia katika eda, aturuhusu wasichana tuje nyumbani baada ya sala ya alasiri. Bi Mwanakombo alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, na alilifikiria jambo hilo kama kadhi. Mwishowe akakubali kwa masharti: wasichana watupu, hakuna kucheka kwa sauti, na yeye mwenyewe atakaa humo humo ukumbini kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wavulana wakabaki na Mungu wao. Walitusubiri kona ya mtaa jioni, wakatubembeleza tuwape madaftari wanakili, na wengine miongoni mwetu walijifunza mengi kwa njia hiyo ambayo hayakuwamo katika mtihani.

Nauona ukumbi ule mpaka leo. Mkeka mpana wa ukindu, madirisha mawili yanayotazama barazani, mapazia mazito yasiyofunguliwa, na redio iliyofunikwa kitambaa cheupe kwa kuwa nyumba ya msiba haipigi muziki. Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati kuukuu. Mwalimu alitufundisha kuupaka weusi kwa mkaa wa betri uliopondwa na majani ya viazi, na kila tulipoupaka upya vidole vyetu vilikaa vyeusi mpaka Ijumaa. Bi Mwanakombo aliketi karibu na mlango akisuka ukili, miguu ameinyoosha. Kiingereza hakukijua hata neno, isipokuwa "yes" na "no", na hayo aliyatumia yote mawili kwa pamoja, ili asikosee. Somo likikaribia kwisha alikwenda jikoni kutuletea uji wa pilipili manga, au mhogo wa kuchemsha uliomwagiwa tui zito, na alitusimamia tule mpaka tumalize. Nasema haya mapema ili msomaji asimfanye mwanamke huyu kuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

Miezi ile Mwalimu alikaa sana juu ya neno moja, "because". Tulikuwa tukilikosea vibaya sana, na kosa letu lilikuwa la watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Tuliandika "Because I was sick, so I did not come", tukaona tumependeza, maana kwetu ukishasema kwa sababu nilikuwa mgonjwa, ulimi wenyewe unatafuta kwa hiyo. Mwalimu alifuta ile "so" kwa kidole. "Waingereza ni wabahili, wanangu," alisema. "Kiungo kimoja kinawatosha. Mkiwapa viwili wanaona mmewadharau." Akatuonyesha kwamba neno hilo huunga sentensi mbili zikawa moja: upande mmoja jambo lililotokea, upande wa pili sababu yake, na upande wa sababu ndio unaobeba neno. Ukiliweka katikati, unampa mtu habari kwanza, kisha unakaa kitako kumweleza. "We stayed at home because it rained." Ukiliweka mwanzo, unampa sababu kwanza, naye anangoja habari inayokuja, hapo weka mkato, vuta pumzi, umalizie. "Because it rained, we stayed at home." Maana ni ile ile, alisema, ila anayesikia anaumia mahali tofauti. Na kitu kimoja alikikataza kabisa, kuacha upande wa sababu peke yake. Ukisema "Because it rained" ukanyamaza, alisema, umenisimamisha mlangoni na kunikaribisha hujanikaribisha.

Baadaye nami nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza, na nimelifundisha neno hilo mpaka nilipostaafu. Nimelifundisha kwa maneno yale yale ya ubahili wa Waingereza, na wanafunzi wangu walicheka mahali pale pale tulipocheka sisi kwa kuziba midomo. Lakini kila nilipofika kwenye mifano mara nyingi nilimwambia kiranja aendelee kuandika ubaoni badala yangu. Watoto walidhani nakimbia vumbi la chaki.

Habari za ugonjwa wa mama yake zilifika eda ikiwa imefika nusu. Mtu aliyeshuka na gari la mboga alipita akasema bibi kule Mlalo hali chakula vizuri, miguu imemvimba, anamtaja mwanawe. Mwalimu alimwambia wifi yake waziwazi kwamba anataka kwenda. Ilikuwa mbele yetu, tukingoja uji, na sisi tulijifanya tunasoma. Bi Mwanakombo aliweka ukili chini. "Wifi yangu, na mimi nina uchungu wa mama. Ngoja tumuulize sheikh." Sheikh aliulizwa, akajibu kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa dharura, mradi arudi kulala nyumbani kwake. Lakini nani angekwenda Mlalo na kurudi Tanga siku hiyo hiyo, kwa mabasi ya zama zile na barabara ile ya mlimani? Ruhusa ilikuwa ya bure. Bi Mwanakombo alisema, "Umeahidi, wifi. Na kuna watu wanangoja uteleze." Mwalimu akasema, "Najua." Siku ile mifano yake yote ubaoni ilikuwa ya safari: mtu aliyekosa basi kwa sababu ya mvua, mtu asiyefika kwa sababu daraja limevunjika. Sisi tuliunganisha sentensi zake moja baada ya nyingine, wala hatukuwa na ujinga wa kutoelewa tunaunganisha nini.

Tangu hapo ukumbi ule ulikuwa na kitu kimoja tu ndani yake, mama wa Mlalo. Mwalimu aliuliza habari kila siku, na kila aliyeshuka kutoka milimani alitafutwa sokoni aulizwe. Akiambiwa mama kanywa supu, alitufundisha vizuri, akatutania, akamwambia Mwanaidi kwamba herufi zake zinalala kama wavuta bangi. Asipopata habari alizunguka na chaki mkononi bila kuandika. Usiku, alituambia mwenyewe, alihesabu siku zilizobaki za eda yake na kumwomba mama amngoje. "Mama yangu mbishi," alisema. "Akiamua kungoja, atangoja."

Alasiri ya siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kipupwe, kuna ubaridi hata mchangani. Mimi na Mwanaidi tulitumwa uani kuosha kitambaa cha kufutia ubao. Jiko la nyumba ile lilikuwa na dirisha dogo la kutolea moshi, linalotokea pembeni mwa baraza, na kupitia hapo tulisikia sauti ya chini ya mwanamume ikimsalimu Bi Mwanakombo. Tuliijua ni nani kwa namna alivyotamka, maneno yakipanda na kushuka kama ya Mwalimu mwenyewe. Alikuwa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Mlalo, ambaye Mwalimu alikuwa akimtaja kwa majivuno kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Kiingereza cha kwanza.

"Mama katutoka jana jioni," alisema yule kaka. "Mazishi kesho. Tunamngoja yeye tu."

Tukasikia Bi Mwanakombo akisema innalillahi, kisha tukasikia akilia, kilio cha kweli, cha mtu anayejizuia. "Masikini wifi yangu. Mume, na mama." Halafu akapenga kamasi, na sauti yake ikabadilika. "Sasa nisikilize, shemeji. Ukimwambia, atapanda gari leo hii. Akilala huko keshaivunja eda ya ndugu yangu, na watu watasema lile walilokuwa wakilisema tangu mwanzo. Hawataacha kulisema mpaka afe. Mwache. Akitoka eda nitamwambia mimi mwenyewe, kwa njia nzuri."

"Lakini ni mama yake, dada."

"Ni mama yake, najua. Na marehemu ni mumewe. Kaa hapo ule kwanza, umetoka mbali."

Kwetu pwani hili si jambo la ajabu. Habari ya kifo hatumtupii mtu usoni. Msafiri huambiwa mgonjwa kazidiwa, mwenye mimba haambiwi kabisa, na aliye ugenini huletwa kwanza nyumbani kwa uongo mdogo mdogo mpaka aone viatu vingi mlangoni, aelewe mwenyewe. Tunaita huruma, na ni huruma kweli, ndiyo maana haina dawa. Yule kaka alikuwa mgeni, ukweni, mtu wa dini nyingine katika nyumba yenye msiba wake. Hakubishana. Tulimsikia akikalia mkeka wa barazani, akatua gunia, na sahani ikawekwa mbele yake. Mimi nilikuwa nakikamua kitambaa kilichokwisha maji. Mwanaidi aliniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, kisha akaniacha akaingia ndani.

Bi Mwanakombo alirudi nyuma yetu, akaketi mahali pake, akashika ukili. Mwalimu alimtazama. "Nani huyo, wifi?"

"Muuza viazi tu."

"Mbona macho mekundu?"

"Moshi wa jikoni, bibiye. Endeleeni kusoma."

Mwalimu aligeukia kwetu akaomba mtu atoe sentensi ya mdomo, yenye "because" katikati. Tulizoea kutazama chini wakati huo. Mwanaidi alisimama. Ni lazima nieleze kwamba Mwanaidi hakuwa mwanafunzi wa kusimama. Kiingereza kilimtisha, na tangu mwaka uanze hakuwa ametoa sentensi hata moja bila kulazimishwa. Aliweka mikono nyuma na kusema polepole, akilitafuta kila neno kabla ya kulitoa:

"Your brother is sitting outside because your mother is dead."

Wasichana wote tulielewa, Bi Mwanakombo peke yake hakuelewa. Aliendelea kusuka, ukili ukipita vidoleni mwake. Kaka yako amekaa nje kwa sababu mama yako amefariki. Hakukuwa na kosa hata moja katika sentensi ile. Mwalimu Halima alimtazama Mwanaidi, akamtazama wifi yake, akatazama dirisha. Nilidhani atapiga ukelele. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni ualimu wake, kwa kuwa nadhani hapakuwa na kingine chochote kilichobaki cha kumshikilia.

"Again," alisema. "Put the reason first."

"Because your mother is dead," Mwanaidi alisema, machozi yakimshuka sasa, akavuta pumzi pale pa mkato, "your brother is sitting outside."

"Good. Sit down."

Alitugeuzia mgongo, akausimamia ubao kwa muda mrefu, chaki imeugusa na haiandiki. Bi Mwanakombo aliinua uso. "Mwanaidi leo kasema vizuri, eh? Mpaka kalia."

"Vizuri sana, wifi," alisema Mwalimu bila kugeuka.

Kisha akaenda kusimama kando ya dirisha la baraza. Kaka ni maharimu wake; hapakuwa na sheria ya kumkataza kumwona. Angelivuta pazia lile angemwona ndugu yake wa tumbo moja ameketi umbali wa mkono, nao wangekumbatiana, na baada ya hapo asingeweza tena kubaki. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cha pazia na hakukivuta. Alituambia tuseme wote pamoja baada yake, kwa sauti ya kufika mbali. Bi Mwanakombo, ambaye siku zote alitukataza sauti kubwa, siku ile alinyamaza.

"Do not wait for me because I gave my word," alisema Mwalimu.

Msinisubiri, kwa sababu nilitoa ahadi. Tuliimba kama wanafunzi wanavyoimba, sauti nyembamba za wasichana, na wengine wetu tulikuwa tunalia waziwazi. Akataka tena. Tukasema tena. Mara ya tatu sauti yake mwenyewe haikuwamo, zilikuwa zetu tu. Nje barazani sahani ilikuwa imenyamaza. Halafu tukamsikia yule kaka akikohoa, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, "Dada, ahsante, nimeshiba. Nimesikia. Nakwenda kuwaambia wasingoje." Bi Mwanakombo alinyanyuka haraka kumsindikiza, akidhani anajibiwa yeye. Tulisikia kubadhi zake zikiondoka mtaani. Mwalimu alibaki na kiganja pale pale mpaka hatukusikia kitu, ndipo akatuambia tukusanye madaftari.

Siku ya mazishi tulikwenda kama kawaida. Alitufundisha mambo mengine, sikumbuki nini. Lile gunia la kaka yake lilikuwa la viazi, na jioni ile Bi Mwanakombo alikuwa amevipika kwa nazi na samaki, akatuita wote tule, na Mwalimu naye. Maganda yalikuwa uani kwenye ungo, yana udongo mwekundu wa kwao. "Kula, wifi," alisema Bi Mwanakombo, akimchagulia vipande vikubwa kwa mkono wake mwenyewe. "Viazi vya kwenu hivi, vitamu kweli." Alikuwa akimhurumia kwa kila njia aliyoijua. Mwalimu alikula kipande kimoja kimoja, akitafuna muda mrefu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Alimshukuru. Sijapata kuona mtu akila chakula kigumu namna ile, na viazi vilikuwa vimeiva vizuri.

Miezi ya eda iliisha. Wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi, na Mwanaidi nami tulialikwa kwa kuwa tulishakuwa watu wa nyumba. Bi Mwanakombo alimketisha kitandani, akamshika mikono yote miwili, akaanza mbali, kwamba dunia ni mapito na wazazi ni wa Mungu, mpaka akafika. Alikuwa analia kabla hajamaliza. Mwalimu Halima alisema innalillahi wainna ilaihi rajiun, akainamisha kichwa, kisha yeye ndiye aliyemkumbatia wifi yake na kumpigapiga mgongoni mpaka atulie. Hakusema neno lolote ambalo lingemfanya mwanamke yule ajue. Wanawake waliokuwapo walisifu kwamba Msambaa huyu ana subira, na eda ameikaa kuliko wenyeji. Kesho yake alipanda basi la Lushoto. Hakurudi. Mtihani tuliufanya bila yeye, na mimi na Mwanaidi tulifaulu Kiingereza. Miaka mingi baadaye tulisikia amefariki huko huko, na kwamba alizikwa Kiislamu, jirani na mama yake, ukuta mmoja tu kati yao.

Mwanaidi hakusahau. Tulipozeeka, kila tulipokutana kwa harusi au msiba lilirudi. Watu wachache walioijua habari hii walimsifu kwa ujasiri, naye alichukia kusifiwa. "Mimi nilimwambia ili aende," aliniambia mara nyingi. "Sikumwambia ili abaki." Mimi nilimjibu kwamba hata hivyo alimpa kitu: Mwalimu alimlilia mama yake siku wenziwe walipokuwa wakimlilia, wala si baada ya watu kufuta machozi. Kulia peke yako wakati wengine wameshamaliza ni upweke mbaya kupita wote. Mwanaidi hakuwahi kuniambia kwamba ananiamini. Mara ya mwisho tulipozungumza, kabla Saada hajaichukua simu, alinitania kutoka kitanda chake cha hospitali. "Wewe umefungiwa, na mimi nimefungiwa. Tukitoka, shoga, tutakula mpaka tupasuke." Nami nilimwambia mguu wake upone kwanza, ya kula tutayaona.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika Saada alipoingia kuniletea chai ya mchaichai. Alikuwa ametoka asubuhi. Aliniambia anakwenda sokoni. Aliinama kuweka kikombe, na nikamnusa. Alikuwa ananukia karafuu maiti. Mtu asiyejua angesema ni dawa ya nguo, lakini mimi nimemzika mume juzi juzi, na harufu ile haijatoka puani mwangu bado. Ilikuwa mikononi mwake, kwenye mikono ya gauni na kwenye ushungi. Nilimtazama mwanangu usoni, naye akatazama kikombe. Nilijua basi kwa nini simu ilichukuliwa na kwa nini Mwanaidi alikuwa amelala asubuhi, mchana na jioni. Walinihurumia. Niliwaona wote nyuma ya pazia, wamekaa kikao na kukubaliana, kwa mapenzi, kama alivyokubaliana na nafsi yake Bi Mwanakombo.

Ningeweza kunyamaza mpaka eda iishe, nimwache Saada anianzie mbali, dunia ni mapito. Ningeweza kumkumbatia na kumpigapiga mgongoni. Sina subira ya Mwalimu Halima, na Mwanaidi hakuwa mtu wa kungojewa.

"Amezikwa saa ngapi?" nilimuuliza.

Saada aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. "Baada ya adhuhuri, Mama. Tangu nilipochukua simu alikuwa hajitambui. Tulitaka umalize kwanza. Tusikuongezee."

"Nani alimwosha?"

"Binti zake. Na mimi."

Nilimwambia asogee karibu, akaja, akaweka kichwa juu ya mapaja yangu kama alipokuwa mtoto, nami nikaishika mikono yake ile nikaileta usoni. Nililia nikiwa nayo. Huko ukumbini mgeni mmoja akaanza kulia naye, kisha wote, na nyumba nzima ikamlilia Mwanaidi siku yake. Kulikuwa na jambo moja bado nilitaka kulijua, maana tangu usichana wetu Mwanaidi alikuwa haogi kipupwe mpaka mtu amchemshie.

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya vuguvugu, Mama," alisema Saada. "Niliyajaribu kwanza kwa mkono wangu."